Kanisa la Bujora na ukuta tulioupaka chokaa



Zilikuwa zimebaki wiki mbili Askofu aje kutoa Kipaimara. Sisi mafrateri sita wa mwaka wa pili wa falsafa, tunaokwenda kila Jumamosi kusaidia mafundisho ya dini katika kigango kimoja cha huku Usukuma, tuliamua kuwaandalia waamini zawadi ya kuwashangaza. Tulichanga fedha zetu ndogo za matumizi, tukanunua mifuko ya chokaa na brashi nne, na siku tuliyopewa ruhusa tukafika kigangoni asubuhi, watu wakiwa bado mashambani. Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali mabichi, limesiribwa kwa udongo. Kuta zake za ndani zilikuwa zimechorwa na akina mama: mistari ya kupindapinda kwa udongo mwekundu, chini yake mitungi iliyochorwa kwa masizi, na karibu na mlango kundi la nukta nyekundu zisizo na mpangilio wowote. Katekista alituuliza mara moja tu, "Mmeshazungumza na akina mama?" Tukamjibu kwamba tunataka iwe zawadi. Hakuuliza tena. Ilipofika saa kumi jioni kuta zote zilikuwa nyeupe pe.

Askofu alikuja, akausifu usafi wa kanisa, akaondoka. Akina mama waliimba vizuri kama kawaida yao. Hakuna aliyesema neno, nasi tukadhani wamefurahi.

Hapa inabidi tuseme ukweli wote. Haikuwa suala la usafi tu. Maktabani kwetu mmoja wetu alikuwa amekutana na habari za kitabu cha Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Waingereza, kilichochapishwa London mwaka 1953. Kitabu kizima kinahusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka, waliokuwa wakichora kuta za ndani za nyumba walimowafundishia wanachama wao. Basi sisi tulipoitazama ile mistari iliyopindapinda kigangoni, tuliona nyoka. Tukahofu kwamba na Askofu ataona nyoka, na kwamba tutaulizwa sisi. Vijana wa miaka 25, wenye kanzu na madaftari yaliyojaa Aristotle, tukashindwa kumwuliza bibi mmoja swali moja.

Miezi mitatu baadaye mwalimu wetu alitaka kila kundi litembelee kanisa moja la zamani la kijijini na kuandika juu ya historia yake na sanaa iliyo ndani yake. Sisi tulipangiwa Bujora. Tulienda kwa moyo mwepesi. Hakuna aliyekumbuka chokaa.

Ukitoka Mwanza mjini unapanda daladala za Kisesa, unapita Igoma, unaifuata barabara ya Musoma kwa kilometa zisizozidi 20. Kisesa ni pa kelele za soko na bodaboda. Bujora iko pembeni, juu kidogo, kwenye kilima cha miamba ile ile mikubwa ya mviringo inayoifanya Mwanza iitwe Jiji la Miamba. Sisi tulipanda kwa miguu, jua likiwa la saa sita, na mzee anayeongoza wageni alitupokea kwa maji ya kunywa kabla ya maneno.

Kanisa la Bujora haliwezi kueleweka bila Padre David Clement, Mkanada wa Quebec, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Shirika hilo lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, na tangu mwanzo aliwataka wamisionari wake wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Ile kanzu yao nyeupe na rozari shingoni ilitokana na mavazi ya Waarabu wa Algeria. Mwaka 1879 msafara wao wa kwanza ulipita kusini mwa Ziwa Victoria ukielekea Buganda, na mwaka 1883 wakafungua misioni Bukumbi, upande huu wa ziwa. Kwa hiyo Padre Clement alipoanza kazi Bujora katika miaka ya 1950, Injili ilikuwa imehubiriwa Usukuma kwa takriban miaka 70. Hata hivyo Wasukuma walio wengi walikuwa bado wakisali kwa njia ya mababu zao. Walikuwa wanasikiliza, wanapokea wageni vizuri, halafu wanarudi nyumbani kwao kama walivyokuja.

Padre Clement hakulaumu masikio ya watu. Alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, na pamoja nao ikaundwa kamati ya utafiti iliyokusanya nyimbo, methali, historia za watemi, dawa, ngoma na vitu vya matumizi. Watu wakampa jina lao, Fumbuka. Zingatia kwamba kazi hii ilianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Konstitusio juu ya Liturujia, inayosema kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, ilitolewa Desemba 1963. Neno "utamadunisho", ambalo sisi tunalitumia siku hizi mpaka limechakaa, lilikuwa halijaingia midomoni mwa watu.

Sasa tuingie ndani.

Kitu cha kwanza ni umbo. Kanisa ni la mviringo, kama nyumba ya Kisukuma ya msonge. Sisi tuliozoea makanisa marefu tulisimama mlangoni tukitafuta njia ya katikati ya kupita kwa maandamano. Mmoja wetu alinong'ona kwamba hili si kanisa kamili, ni ukumbi. Mwenzake akamkumbusha kwamba basilika nayo ilikuwa ukumbi: Warumi walikuwa wakiitumia kwa hukumu na biashara kabla Wakristo hawajaichukua. Na Roma yenyewe ina kanisa la mviringo la Mtakatifu Stefano, lililojengwa karne ya 5. Urefu wa makanisa yetu ni desturi njema iliyotoka mahali fulani, kwa watu fulani. Tulikuwa tumeiona siku zote kana kwamba ilishuka Sinai.

Kisha macho yanazoea kivuli, nawe unaiona altare. Ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi.

Hapa tulibishana, na tulibishana kweli, tukiwa bado kanisani, mpaka mzee akatuomba tupunguze sauti. Mwenzetu anayependa sana liturujia alisema altare ni meza ya karamu na mahali pa sadaka. Mtu haweki sadaka juu ya kiti, wala hali chakula juu ya kiti. Kiti ni cha kukaliwa. Alisema Padre Clement alikuwa na nia nzuri lakini alichanganya alama mbili. Hoja yake haikuwa ya kitoto, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu lilitoka kwenye Biblia ya Kiswahili, sio kwenye kitabu cha falsafa. Katika Kutoka, sura ya 25, Mungu anamwagiza Musa atengeneze kifuniko cha dhahabu cha kuwekwa juu ya sanduku la agano. Watafsiri wetu wamekiita "kiti cha rehema". Mungu hukutana na watu wake hapo, kati ya makerubi wawili. Na katika Walawi, sura ya 16, siku ya upatanisho kuhani anainyunyiza damu ya sadaka hapo hapo. Kwa hiyo mahali anapoketi Mfalme na mahali panapofikishwa damu ya sadaka ni mahali pamoja. Halafu Ufunuo wa Yohane unafunga kwa kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwanakondoo, yaani Mfalme aliyeketi ni yule yule aliyechinjwa. Hatujui kama Padre Clement na wazee wake waliwaza hivyo. Lakini Msukuma aliyejua maana ya kiti cha mtemi, akiona mkate unawekwa juu yake, hakuhitaji mahubiri marefu kuelewa nani amefika.

Neno lenyewe "mtemi" wazee hulieleza kutokana na kutema, kukata: aliyefyeka msitu wa kwanza watu wakapata pa kukaa, au anayekata mashauri wakapatana. Mwenzetu wa liturujia alisikiliza yote hayo, akasema bado angependa meza. Tumemwachia nafasi yake. Tunadhani amekosea, ila amekosea kwa heshima.

Tabernakulo ndiyo iliyotunyamazisha wote. Imetengenezwa kwa umbo la nyumba ya mtemi, na mbele yake kuna ngao na mkuki.

Fikiria kidogo juu ya maneno. Nyumba ya mtemi huku Usukuma na Unyamwezi iliitwa ikulu. Neno hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili, na leo kila Mtanzania anajua Ikulu ni wapi, ingawa si wengi wanaojua lilitoka kwa nani. Na neno "tabernakulo" kwa Kilatini ni hema tu, kibanda. Tunapiga goti mbele ya tabernakulo tangu tukiwa watoto bila kusikia ndani ya neno hilo kibanda chochote, kwa sababu tunachokiona ni kisanduku cha shaba chenye kufuli. Mtakatifu Yohane anaposema kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, Kigiriki chake kinasema alipiga hema kati yetu. Pale Bujora tulikuwa tunaangalia kibanda. Neno la Kilatini lilikuwa limesafiri mbali sana mpaka likapata tena nyumba ya kufanana nalo, lakini nyumba ya mfalme.

Na mkuki je? Mmoja wetu alisema silaha mbele ya Ekaristi inamkwaza. Mzee anayeongoza wageni alimjibu kwa utaratibu kwamba ngao na mkuki vinaonyesha ukuu wa mwenye nyumba. Sisi tulikumbuka mkuki mwingine, ule wa Kalvari, na maji na damu. Tunakiri kwamba hiyo ni tafsiri yetu, wala hatumtwishi nayo mchongaji.

Katika darasa la Mtakatifu Tomaso wa Akwino tumefundishwa kanuni kwamba chochote kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayepokea. Tuliiandika kwa Kilatini, tukaijibu kwenye mtihani, tukapata alama nzuri. Maji yakimiminwa ndani ya kibuyu yanachukua umbo la kibuyu. Tulikuwa tunaifikiria kanuni hiyo kama habari ya akili na vitu vinavyojulikana. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuijenga kwa mawe na kuiezeka paa.

Kuhusu makumbusho yanayolizunguka kanisa hatutasema mengi, kwa sababu wengi wenu mmeyatembelea, na asiyeyatembelea aende. Yalianzishwa mwaka 1968. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, ndani yake ngoma na vifaa vya utawala. Kuna nyumba ya wahunzi wa ukoo wa Balongo. Kuna nyumba ya mganga wa jadi, ambayo wawili kati yetu walikataa kuingia na wanne wakaingia. Kila mwaka, karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, hufanyika hapo Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Kuna maandamano ya Ekaristi, halafu kuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu karne ya 19. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi, na zamani dawa za kuvutia watu zilikuwa sehemu kubwa ya mchezo. Padre Clement alijua hayo yote, na bado akawakaribisha. Kama ni ujasiri au ni kujiamini kupita kiasi, tulishindwa kukubaliana, na hatukulizungumza sana maana njaa ilikuwa imeanza.

Tulipokuwa tumekaa nje chini ya mwamba tukila mihogo, mzee alituuliza swali. "Nani kati yenu amewahi kumwona mtemi?"

Hakuna. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Wazazi wetu wenyewe walikuwa bado hawajazaliwa, au walikuwa wachanga mgongoni. Mzee hakuongeza lolote, akaendelea kula. Lakini swali lake lilitusumbua kuliko mkuki. Kanisa la Bujora lilisema na watu waliowajua watemi wao kwa sura na kwa jina, waliowahi kupiga magoti mbele ya kiti kile. Sisi tulihitaji mtu wa kutueleza. Vijana wa Kisesa tuliozungumza nao wakati wa kurudi walituambia wanalipenda kanisa lao, ila mmoja alisema wazi kwamba kwa harusi angechagua kanisa la mjini lenye vigae. Alama ikikaa muda mrefu bila watu wanaoiishi, inaanza kuhitaji kiongozi wa watalii. Hatusemi hilo kumlaumu Padre Clement. Viti vya watemi vilipokosa wenyewe, yeye na wazee walivipa mahali pa kukaa, wakati wengine walikuwa wanavitupa. Lakini tulianza kujiuliza: sasa hivi, leo, Msukuma asiyemjua mtemi anamchoreaje Kristo?

Na hapo ndipo mmoja wetu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Akina mama wa kigangoni walikuwa wanachora."

Mihogo ilitushinda.

Jioni ile bwenini tulirudi kwenye kitabu cha historia ya Kanisa, kwa Serenus, askofu wa Marseille. Karibu na mwaka 600 aliona waamini wake wanaziabudu picha kanisani, akazivunja. Papa Gregori Mkuu alimwandikia barua. Alimsifu kwa bidii yake ya kuzuia picha zisiabudiwe, na alimkemea kwa kuzivunja, kwa kuwa wasiojua kusoma wanasoma ukutani yale wasiyoweza kuyasoma kitabuni. Tulikuwa tumeisoma barua hiyo muhula uliopita, na wote sita tuliona kuwa Serenus alikuwa mtu mgumu. Serenus angalau aliona watu wakiabudu. Sisi tuliona mistari ya kupinda.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kigangoni kuomba msamaha. Tulikuwa tumepanga maneno. Tulimwomba katekista awaite akina mama waliochora, wakaja saba, wakiongozwa na bibi mmoja anayetembelea fimbo, ambaye kigango kizima wanamwita Bibi na sisi tunamwita hivyo hivyo. Tulipomaliza maneno yetu, Bibi alitazama ukuta mweupe, akatutazama sisi.

"Mafrateri, ile mitungi mliihesabu?"

Hatukuihesabu.

"Ilikuwa sita," alisema. "Na yale mawimbi juu yake ni maji."

Kana ya Galilaya. Mitungi sita ya mawe, kama Injili inavyosema. Tulikuwa tumemfuta Bwana harusi kwa brashi nne. Mmoja wetu alianza kusema kwamba tulidhani ni nyoka, akina mama wakacheka, wakacheka kweli, mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Tukacheka nao kidogo. Tulidhani yameisha.

Halafu tukauliza kuhusu nukta za mlangoni.

Kicheko kilikatika. Katekista ndiye aliyetueleza, kwa sababu Bibi alikuwa amegeuka upande. Hazikuwa mapambo. Kila mama wa kigango hiki aliyefiwa na mtoto mchanga aliyebatizwa alichovya dole gumba katika udongo mwekundu na kulikandamiza hapo, upande wa mlango, kwa kuwa hapo ndipo jeneza dogo lilipopitia kutoka. Walianza miaka mingi iliyopita, kuta zikiwa bado mpya. Hakuna padre aliyewaagiza. Kila walipousiriba ukuta upya walikizunguka kipande kile. Nukta ya Bibi ilikuwa ya chini kabisa, na ilikuwa ya kwanza.

Hatuna la kuandika juu ya dakika zilizofuata. Wawili kati yetu walitoka nje.

Tulijaribu kubandua chokaa kwa kisu, taratibu, pembeni mwa kipande kile. Ilibanduka na udongo wake. Tukaacha. Kisha mwenzetu wa liturujia, yule yule, akakumbuka kwamba Noeli tulipiga picha ndani ya kanisa kwa simu yake. Aliitafuta. Ilikuwepo: sisi sita tumesimama mlangoni na kanzu zetu nyeupe, tunatabasamu, na nyuma yetu ule ukuta. Akina mama waliizunguka simu. Walikuza picha kwa vidole, wakaanza kuhesabu katikati ya mabega yetu. Walifika 17. Zilizobaki zimezibwa na miili yetu.

Bibi akasema tuachane na simu. Akaanza kutaja majina. Aliyataja bila haraka, jina la mtoto na jina la mama, wengine wakimsahihisha hapa na pale, na katekista akayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Yalifika 26. Majina mawili walibishana kama mtoto alibatizwa au la, mwishowe wakakubali kuyaandika.

Wiki iliyofuata walileta udongo mwekundu kwenye sufuria. Sisi tulipewa kazi ya kuchota maji, tukafurahi kupewa kazi. Bibi alianza, akishikwa mkono na mwanamke mmoja kwa sababu ya magoti, akaweka dole lake pale pale chini. Juu ya chokaa nyeupe nukta inaonekana kali zaidi kuliko zamani, na mama mmoja alisema hiyo inafaa, mwingine akasema haifai. Mitungi bado hawajaichora. Wamesema wataichora baada ya mavuno, wakipata nafasi, na wamekataa kabisa rangi ya dukani tuliyojitolea kuwanunulia.

Tunapoandika haya nukta ziko 19. Akina mama wawili ni marehemu, na watu wao bado wanashauriana nani awawekee. Wengine wamehama. Mmoja yuko Geita kwa mwanawe. Namba yake ya simu tumeipata kwa katekista, na Jumamosi hii Bibi atazungumza naye.